Ukitaka Kazi ya Kuhudumia Wagonjwa Nyumbani, Mombasa: Anzia Hapa

Nyanya yangu alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito. Tulimtoa hospitali baada ya siku tisa, tukampandisha ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale tukiwa watu wanne, tukamlaza, kisha tukabaki kuangaliana. Nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilikesha naye. Wiki ya tatu kisigino chake kikafanya kidonda cheusi, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe. Kidonda kile ndicho kilichonipeleka darasani. Sasa hii ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa vijana wa hapa mjini huniuliza waanzie wapi, nimeona niandike yote mara moja.

Jua kwanza mpaka wa kazi

Mhudumu wa wagonjwa nyumbani, ambaye wengi wetu tunamwita keagiva, humwogesha mgonjwa, humvika, humlisha, humgeuza, humtembeza, humkumbusha dawa, humpima presha na joto la mwili, na humkalia karibu asijione mpweke. Si muuguzi. Uuguzi Kenya una baraza lake na leseni yake. Kwa hiyo hutaingiza mpira wa mkojo, hutatundika dripu, na hutapunguza wala kuongeza dawa hata mwenye nyumba akikusihi. Sindano ya insulini familia nyingi hudunga wenyewe baada ya kufundishwa hospitali, basi iache mikononi mwao.

Wala wewe si mtumishi wa nyumba. Kufua nguo za mgonjwa, kupika chakula chake na kusafisha chumba chake ni kazi yako. Kufulia watoto na wajukuu si kazi yako. Mpaka huu hauwekwi kwa ugomvi mwezi wa pili. Huwekwa kwa maneno mazuri siku ya kwanza, na ikiwezekana kwa maandishi.

Hatua ya 1: Jijaribu kabla hujatoa pesa

Kabla hujalipa karo, omba kumsaidia mzee wa jirani au wa ukoo kwa wiki moja. Msaidie kuoga, mbadilishe daipa, kaa naye usiku mmoja asiolala. Ukiona kinyaa kinakushinda, au hasira inakupanda mtu akikuuliza jambo moja mara kumi, hujapoteza kitu, umejua mapema. Kinyaa cha siku mbili za mwanzo ni cha kawaida na huisha. Hasira ndiyo ya kuiangalia, maana mgonjwa hana pa kukukimbilia.

Hatua ya 2: Makaratasi na chanjo

Utahitaji kitambulisho, vyeti vya shule na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai. Hiki cha mwisho unakiomba kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, unalipa Sh1,050, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Wengi wetu kisiwani tumezoea kwenda Huduma Centre, kwenye jengo la Posta Kuu, Digo Road. Usingoje mpaka upate kazi, kwa sababu familia inayokukabidhi mama yao na funguo za mlango ina haki ya kukiona.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B anza mara tu unapoamua kusoma. Ni dozi tatu zinazochukua miezi sita, na utashika damu na majimaji ya watu kabla ya dozi ya mwisho ukichelewa.

Hatua ya 3: Chagua chuo kwa macho yako

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mimi mwenyewe nililipia kozi ya kwanza ya wiki tatu mahali nisipopataja, nikanakili maandishi ubaoni, nikapewa cheti chenye mhuri, bila kugusa hata mgonjwa mmoja. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui kumtoa nyanya kitandani.

Angalia kwanza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi. Orodha ya vyuo vyenye leseni iko kwenye tovuti yao. Kisha nenda mwenyewe, siku ya masomo, bila kutoa taarifa. Uliza waziwazi: chumba cha mazoezi kiko wapi? Kuna kitanda cha hospitali, kiti cha magurudumu, mashine ya presha, glukomita ya kupimia sukari? Nani anafundisha, na je, ni muuguzi mwenye leseni? Atachimenti, yaani mazoezi ya kazi, ni ya wiki ngapi, katika hospitali au makao gani, na ni chuo kinachoitafuta au mimi? Ukijibiwa kwa picha za wahitimu waliokwenda ng'ambo badala ya kuoneshwa kitanda, funga mlango taratibu uondoke.

Pia usichanganye kozi hii na ile ya utunzaji wa nyumba wanayosoma watu wanaokwenda kufanya kazi za ndani nchi za Ghuba. Ile ina manufaa yake, lakini haikufundishi kumhudumia aliyepooza.

Huduma ya kwanza isome hata kama chuo chako kinaigusia tu. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha, na cheti chao kinatambulika kila mahali.

Hatua ya 4: Mambo ambayo mikono yako lazima iyajue

Usikubali kuhitimu kabla hujafanya haya mbele ya mwalimu, tena zaidi ya mara moja.

*Kunawa mikono.* Sabuni, maji yanayotiririka, sekunde 40 mpaka 60, vidole gumba na kucha zikiwemo. Kabla ya kumgusa mgonjwa na baada. Glavu haziondoi haja ya kunawa.

*Kumgeuza.* Asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, isipokuwa muuguzi amepanga vingine. Usimlaze ubavu kamili juu ya nyonga. Mwinamishe kidogo, weka mto mgongoni umshikilie, na mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Kagua kila siku kisigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio, viwiko, mabega na kisogo. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: gusa kama pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu, au pamelainika kupita kiasi. Kisigino cha nyanya kilitoa ishara hizi siku nyingi kabla hakijapasuka, nami nilipakaa mafuta nikidhani ni ukavu.

Kama familia imenunua godoro la hewa, vizuri, lakini bado anageuzwa. Na umeme ukikatika, godoro lile hunywea. Jua mapema utafanya nini.

*Kumtoa kitandani.* Kiti weka upande wake wenye nguvu, funga breki, inua vikanyagio. Mwache ajisogeze ukingoni, miguu yote miwili ikanyage sakafu, ainame mbele, kisha hesabuni pamoja moja, mbili, tatu. Wewe kunja magoti, mgongo wako unyooke, uwe karibu naye. Usimvute kwa mkono uliopooza hata siku moja, maana bega hilo huteguka kwa urahisi na maumivu yake hayaishi. Na asikukumbatie shingoni. Nawajua wahudumu wazuri walioacha kazi mapema kwa sababu ya mgongo, na hakuna hata mmoja aliyeumia kwa kumbeba mtu mzito mara moja. Wote waliumia kwa kukosea kidogo kila siku.

Leso mbili nzito zilizokunjwa chini ya kiuno na mabega ya mgonjwa zinatosha kumsogeza juu ya kitanda mkiwa wawili, bila kumburuta ngozi. Nyumba gani Mombasa inakosa leso?

*Kumvika na kumwogesha.* Nguo huanza upande mbovu wakati wa kuvaa, na huanza upande mzima wakati wa kuvua. Ogesha sehemu kwa sehemu, nyingine ikiwa imefunikwa. Joto letu na unyevunyevu, hasa Januari mpaka Machi, huozesha mikunjo ya ngozi: chini ya matiti, kinenani, kati ya vidole. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Mwanamke mwoshe sehemu za siri kutoka mbele kwenda nyuma.

*Kumlisha.* Aketi wima, kidevu kikielekea kifuani kidogo, kijiko kidogo, na usilete kingine mpaka umemwona amemeza. Baada ya kiharusi maji matupu huwa hatari kuliko uji, kwa kuwa hukimbia yakaingia njia ya hewa. Akikohoa, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kumeza, simama, uripoti. Angalia shavu la upande uliopooza, chakula hujificha humo. Abaki ameketi nusu saa. Wazee pia hupoteza hamu ya maji wakati mwili unayahitaji sana. Usimuulize kama ana kiu, mpe kidogokidogo kila mara, kama daktari hajamwekea kiwango.

*Presha na sukari.* Presha pima akiwa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelala usawa wa moyo. 140 kwa 90 na kuendelea ni presha ya juu, lakini kipimo kimoja si hukumu. Unarudia na kuandika. Sukari chini ya 4 kwenye glukomita zetu imeshuka. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au juisi, pima tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtilie kitu mdomoni. Insulini ikae friji, isigande, na ikiwahi kuganda itupwe.

*Mpira wa mkojo.* Mfuko uwe chini ya kibofu daima, usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa.

*Dawa.* Mtu ni yuleyule? Dawa ndiyo? Kipimo ndicho? Saa ndiyo? Njia ndiyo? Usisage kidonge kabla hujauliza, vingine havisagwi.

*Dalili za kukimbizana.* Uso umeshuka upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno yamevurugika: ni kiharusi. Angalia saa ulipoona, kwa sababu daktari atakuuliza hilo kwanza, kisha piga simu. Namba 1199 ni ya dharura ya Msalaba Mwekundu. 999 na 112 ni za dharura za serikali. Andika pia namba ya gari la wagonjwa la hospitali ya karibu na uibandike ukutani. Ukiwa Likoni jipangie njia mapema, maana foleni ya feri haimjui mgonjwa.

Hatua ya 5: Atachimenti

Nenda tayari kufanya kazi chafu. Omba wodi zenye wazee na waliopooza badala ya mapokezi. Wauguzi wana kazi nyingi, hawatakuita, kwa hiyo mfuate mmoja mwenye subira, mshikie beseni, mwulize baadaye. Ukiweza kufika Coast Hospice, jifunze kwao namna ya kukaa na mtu ambaye hatapona. Hilo silo jambo la kusoma kwenye daftari.

Hatua ya 6: Kuingia katika nyumba ya watu

Vyuo vingi haviligusi hili, na mimi naliona kubwa kuliko presha na sukari. Unaingia katika nyumba yenye mila zake. Vua viatu mlangoni. Mzee umwamkie kabla ya kumuuliza mwanawe hali yake, hata kama kiharusi kimemnyima kujibu. Shikamoo yako ataisikia. Muite kama nyumba inavyomwita: Bi, Mama, Babu, Mwalimu. Usimwite "mgonjwa" mbele yake, na usizungumze juu ya kichwa chake kama kwamba hayupo.

Nyumba nyingi zitataka mwanamke amhudumie mwanamke na mwanamume amhudumie mwanamume. Kwa hiyo vijana wa kiume, msidhani kazi hii si yenu. Wazee wa kiume wanaohitaji kuogeshwa na kubebwa wako wengi, na wahudumu wanaume ni wachache.

Kama mgonjwa ni Mwislamu na wewe si, uliza usidhani. Anaweza kutaka umtilie udhu kabla ya sala, au atayammamu, yaani ajitakase kwa mchanga safi, maji yakimdhuru, na kitanda kielekezwe kibla, ambacho kwetu hapa ni kaskazini. Mbadilishe na umsafishe kabla ya wakati wa sala, usingoje adhana ndiyo uanze. Ramadhani ina mtihani wake. Dini imemruhusu mgonjwa kula na mwenye ugonjwa wa kudumu kutoa fidia ya kulisha maskini, lakini wazee wengi huumia moyoni wakiambiwa wasifunge. Huo si uamuzi wako. Kazi yako ni kuhakikisha familia imezungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, na kupima sukari mara nyingi zaidi. Ikishuka chini ya 4, waambie saa ileile kwamba hatari imefika, afungue.

Na kama ni Mkristo anayetaka kusomewa Zaburi kila jioni, soma, hata kama si kitabu chako.

Wenye ugonjwa wa kusahau usibishane nao. Mama mmoja niliyemhudumia Kisauni aliamka kila alfajiri akitaka kumpikia mahamri mumewe aliyekufa miaka mingi. Siku ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama ndiyo kwanza anapata msiba. Siku ya pili nilimwuliza, "Mahamri yako watia iliki kiasi gani?" Tukazungumza iliki mpaka jua likachomoza.

Hatua ya 7: Daftari

Nunua daftari la mistari, liwe la mgonjwa, libaki nyumbani kwake. Kila zamu andika saa na jambo: alikula nini na kiasi gani, alikunywa vikombe vingapi, mkojo na choo, upande aliolazwa, vipimo, dawa, ngozi ikoje, alilala vipi, alisema nini. Andika ulichoona, usiandike ulichodhani. "Saa 4 asubuhi amekataa uji, joto 38.2" inamsaidia daktari. "Leo ana kiburi" haimsaidii mtu.

Ukikosea andika pia. Umesahau dozi? Piga simu, sema, andika. Familia husamehe kosa lililosemwa. Lililofichwa likifumuka hakuna wa kukutetea. Na habari za daftari hizo hazitoki nje ya nyumba: si kwa majirani, si kwenye picha za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za afya za mtu, na heshima ilizilinda kabla yake.

Hatua ya 8: Kazi na malipo

Kazi za kwanza huja kwa mdomo: wauguzi uliofanya nao atachimenti, wataalamu wa fiziotherapia, msikiti, kanisa, wastaafu wa Nyali na Mtwapa. Wakala naye anaweza kukusaidia, lakini uliza anakata kiasi gani kwenye mshahara wako.

Kabla ya kuanza, taja haya: zamu ni ya mchana au unalala hapo? Mgonjwa ana uzito gani na nani atanisaidia kumgeuza? Glavu na daipa ananunua nani? Siku yangu ya mapumziko ni ipi? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Kima cha chini kilichoanza Novemba 2024 kwa mtumishi wa nyumbani katika miji kama Mombasa ni Sh16,113.75, bila marupurupu ya nyumba. Huo ni wa asiye na ujuzi wako, kwa hiyo usikubali kuanzia chini yake. Na anayelala kazini akiamka kila saa mbili hajalala. Hilo lilipwe, au apatikane wa kupokezana naye.

Kuhusu ng'ambo niseme kwa sababu watu wanaumizwa. Uingereza ilifunga viza mpya kwa wahudumu wa aina hii wanaoajiriwa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia. Ujerumani ilitia saini na Kenya makubaliano ya ajira Septemba 2024, lakini bila kukijua Kijerumani hufiki mbali, na lugha hiyo si ya mwezi mmoja. Wakala yeyote wa nje mtafute kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo, usimpe hata nauli.

Hatua ya 9: Siku mgonjwa anapofariki

Itafika, na mara nyingi wewe ndiye utakuwa chumbani. Angalia saa. Piga simu kwa mtu mmoja wa familia mliyekubaliana awali, si kwa wote. Mnyooshe taratibu, mfunike, fungua dirisha, baki naye mpaka waje. Katika nyumba ya Kiislamu kuosha maiti kuna watu wake, usianze kwa wema wako. Dawa zilizobaki zihesabu mbele ya mtu, ziandike, zikabidhi pamoja na funguo na daftari.

Lia ukitaka kulia, mimi hulia. Kaa nao matanga siku hata moja, ukoshe vikombe. Barua ya mapendekezo na mshahara uliobaki viulizie wiki inayofuata, nyumba ikishatulia, kwa simu kwa yule mmoja mliyekuwa mkizungumza naye.